Mto Katuma, Ng'ombe na Amri za Serikali: Maelezo kwa Wanachama



Twataka kueleza habari za nchi iliyo mbali nasi, nazo ni habari za Mpanda na mkoa wa Katavi, huko magharibi ya Tanzania Bara karibu na Ziwa Tanganyika. Huenda mwanachama akauliza, sisi wenye mikarafuu tuna shughuli gani na Mpanda? Sababu ni hii. Mwaka jana, karafuu zilipokwisha kuuzwa, mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, alimpelekea mdogo wake aliyeko Mpanda karibu fedha zote alizozipata msimu ule, ili akodi eka kumi za mpunga kando ya mto Katuma. Mpunga ulipandwa ukashika vizuri. Kisha wakaja maofisa na kamba ya kupimia, wakapima kutoka ukingo wa mto, na eka sita katika zile kumi zikaonekana zimo ndani ya mita 60 ambazo sheria hairuhusu kulimwa. Tuta lililokuwa likigeuza maji yaingie majarubani likavunjwa siku ile ile. Eka nne zilizobaki zikakosa maji, zikakauka. Mtu aliyewakodisha alikwisha pokea chake, na kila alipotafutwa hakuonekana.

Mwanachama huyu alikuja ofisini na barua ya mdogo wake mkononi, akatuuliza maswali mawili. La kwanza, je, Serikali ina haki ya kufanya hivyo? La pili, na hili ndilo lililotufanya tuandike, ikiwa amri hizi hutolewa mwaka baada ya mwaka, mbona mto unazidi kukauka mwaka baada ya mwaka?

Hatukuwa na jibu. Tulizitafuta sheria tukazisoma, tukawaandikia watu wenye kujua, na kiangazi kilichopita mmoja wetu alifuatana na mwanachama huyo hadi Mpanda, kwa gari moshi kutoka Tabora. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mpanda ni mji wa reli. Njia ile inayotoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wala haikujengwa kwa ajili ya abiria au mazao, bali kwa ajili ya madini ya risasi. Machimbo yalipofungwa reli ikabaki, na watu wakaifuata. Mwaka 2012 nchi hii ilitengwa na mkoa wa Rukwa ikawa mkoa wa Katavi, na Mpanda ikawa makao makuu yake. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Yaani kwa miaka kumi tu watu wamezidi maradufu, na hapana mkoa mwingine wa Tanzania ulioongezeka kwa kasi kama hiyo. Twawaomba wanachama waikumbuke hesabu hii wakati wote watakapokuwa wakisoma, maana mtu akilaumu mkulima peke yake au mfugaji peke yake pasipo kuikumbuka, atakuwa amesema nusu ya maneno.

Watu hao ni nani? Wenyeji ni Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na wengineo. Kisha wako Warundi waliokimbia mauaji ya kwao mwaka 1972 wakapewa ardhi Katumba, na baadaye Mishamo, wakafyeka msitu wakalima mahindi, mihogo na tumbaku. Wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Na wako Wasukuma, waliotoka Shinyanga na Mwanza na ng'ombe wao wakitafuta malisho, kidogo kidogo tangu miaka ya 1970, kisha kwa wingi.

Zamani nchi hii haikuwa na ng'ombe wengi, si kwa sababu ya sheria, bali kwa sababu ya mbung'o. Msitu wa miombo ulijaa mbung'o, na mbung'o huua ng'ombe kwa nagana na kumwua mtu kwa malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya wakoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika ikawaweka katika vijiji vya pamoja ili waepukane na malale, na nyuma yao msitu ukaachiwa wanyama. Kwa kweli mbung'o alikuwa ndiye bwana nyama wa kwanza wa nchi ile, tena hakuhitaji mshahara. Msitu ulipofyekwa kwa mashamba, mbung'o alipungua, na ng'ombe wakapata njia.

Sasa tuufuate mto wenyewe. Katuma unaanzia katika vilima vya magharibi ya Mpanda, wilaya iitwayo Tanganyika. Unashuka kwenye tambarare za Mwamkulu na Kakese, ambazo ni nchi nzuri sana ya mpunga. Aliyezoea mabonde yetu membamba chini ya vilima vya mikarafuu atastaajabu kuona bonde lisilo na mwisho. Halafu unafika Sitalike, ambapo barabara inauvuka, na hapo unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa baadaye, na sasa ina kilomita za mraba 4,471, kubwa kuliko Unguja na Pemba zikiunganishwa. Ndani yake mto unatandaa katika mabwawa mawili makubwa yaitwayo Ziwa Katavi na Ziwa Chada, ambayo hujaa masika na kuwa nyika za majani wakati wa kiangazi. Kisha maji huendelea kwa mto Kavuu mpaka Ziwa Rukwa.

Basi mto ni mmoja, lakini wenyewe ni wengi: wa vilimani wana msitu, wa tambarare wana mpunga, wa hifadhi wana wanyama, na huko mwisho wako wavuvi wa Rukwa. Anayekaa juu akifunga maji, hana atakayemwona. Anayekaa chini ndiye anayeona.

Mwenzetu aliyekwenda alifika Sitalike wakati wa kiangazi kikali. Anasema aliposimama darajani alisikia harufu kabla hajaona kitu. Viboko walikuwa wamelaliana katika dimbwi moja la matope kama magunia ya karafuu bandarini, hata maji hayakuonekana. Kiboko ngozi yake haivumilii jua. Akikosa maji hupasuka, na wakisongamana hupigana mpaka wakauana. Mamba nao, hivyo ndivyo desturi yao katika mto ule, huingia katika mapango ya kingo wakalala humo mpaka mvua zirudi. Kiangazi ni kiangazi, mtu atasema, na viboko wa Katavi wamezoea. Ni kweli wamezoea, lakini si kwa kadiri hii. Mto huu zamani ulikuwa na maji mwaka mzima. Uchunguzi ulioandikwa mwaka 2010 na wataalamu juu ya maji ya Katuma na Ziwa Rukwa ulieleza kwamba mto umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi, na sababu zilizotajwa ni maji kugeuzwa mashambani pasipo utaratibu, misitu kukatwa, na mifugo mingi kupita kiasi, iliyosababisha udongo kushuka na kujaza mabwawa.

Twende sasa kwenye sheria. Swali la kwanza la mwanachama wetu jibu lake ni fupi, nalo halitampendeza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Wengi husema tu "mita 60" wakadhani hata kupita hapo ni kosa. Sivyo. Maneno ya sheria yanataja shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya ukingo. Kwa hiyo kuchota maji si kosa. Kulima majaruba ni kosa, maana tuta la jaruba halikai siku moja. Ama kunywesha ng'ombe, hakukutajwa kwa jina. Lakini mamia ya ng'ombe wakishuka mahali pamoja kila siku, ukingo hubomoka, na hapo jambo linaingia katika maneno ya pili ya kifungu.

Tena iko Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009. Kwa sheria hii maji yote ya Bara ni mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali, na nchi imegawanywa katika mabonde tisa, kila bonde na bodi yake. Katuma umo katika Bonde la Ziwa Rukwa. Mtu akitaka kugeuza maji ya mto kwa tuta, banio au mfereji, sharti apate kibali cha bodi, na kibali huandikwa kiasi cha maji anachoruhusiwa kuchukua. Na utaratibu wa kugawa ni huu: kwanza maji ya watu kunywa na kupikia, pili maji yanayobaki mtoni ili mto wenyewe uishi, kisha ndipo mashamba, viwanda na mengineyo. Kwa hiyo kiangazi maji yakipungua, wa kwanza kufungiwa ni mpunga.

Tuta la mdogo wake mwanachama wetu halikuwa na kibali. Karatasi aliyopewa na mkodishaji ilikuwa na muhuri, lakini muhuri wa mtu hauwezi kufuta sheria ya Bunge. Ndiyo, Serikali ilikuwa na haki. Kama ilikuwa lazima ingoje mpunga ushike ndipo ije na kamba, hilo ni jambo jingine, na sisi twaona kamba ingefaa ije mwezi wa kupanda.

Lakini mwanachama wetu hakuridhika. Akasema, mbona mkulima anapimiwa kwa kamba, ilhali ng'ombe wa watu wanaumaliza mto? Hili ni neno lisemwalo na wakulima wote tuliokutana nao, na ndipo tulipokaa tukapiga hesabu.

Ng'ombe wa kienyeji hunywa kwa siku ya joto kiasi cha lita 30 au 40. Eka moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Jaruba lililojaa maji hupoteza kwa jua, kwa mmea na kwa kunyonywa na ardhi kiasi cha milimita 8 kwa siku, na pengine zaidi. Zidisha: eka moja ya mpunga yataka lita 32,000 kila siku. Yaani eka moja ya mpunga hunywa maji ya ng'ombe kama elfu moja. Zile eka kumi za mwanachama wetu zilikuwa ni zizi la ng'ombe elfu kumi, wamesimama mtoni usiku na mchana.

Hakuipenda hesabu hii, nasi hatukupenda kumpa. Lakini haikutoka hewani. Jambo kama hilo lilikwisha onekana Usangu, mkoa wa Mbeya. Huko mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kila kiangazi tangu mwaka 1993, na kwa muda mrefu wafugaji ndio waliolaumiwa. Wataalamu walipopima waliona kwamba maji mengi ya kiangazi yalikuwa yakichukuliwa na mabanio ya mpunga, wala si na vinywa vya ng'ombe. Hata hivyo mwaka 2006, mabwawa ya Mtera na Kidatu yalipopungukiwa na umeme ukawa wa mgao, amri iliyotoka ilikuwa kuwaondoa wafugaji wa Usangu na Ihefu. Tusijifanye kwamba jambo hili lilikuwa la Bara tu. Waya wa baharini unaoleta umeme Unguja tangu mwaka 1980, na ule wa Pemba tangu mwaka 2010, vyote vyatoka Bara. Taa zetu zimo katika hesabu ya maji yale.

Laki za ng'ombe zilisafirishwa kwenda Lindi na Pwani, mahali ambapo wengine walifika kabla ya malisho kupimwa, majosho kujengwa wala wenyeji kuarifiwa vya kutosha. Ng'ombe walikufa njiani, watu walitozwa faini juu ya faini, na malalamiko yalikuwa makubwa hata Serikali ikaunda tume ya kuchunguza mwaka 2007. Ruaha haukurudi kama zamani kwa kuondoka ng'ombe peke yao.

Hatusemi kwamba ng'ombe hana kosa. Kosa lake si kinywa, ni kwato na idadi. Wakiwa wengi mahali pamoja majani hayapati nafasi ya kuota, ardhi inakuwa ngumu, mvua ikinyesha maji hayaingii chini, yanakimbia na udongo mpaka Ziwa Chada. Kisha kuna maradhi: ng'ombe na nyati wakinywa pamoja huambukizana, na ndiyo maana Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Na. 17 ya mwaka 2003, haimruhusu mtu kuhamisha mifugo pasipo kibali cha bwana mifugo. Na ndani ya hifadhi ya taifa kuchunga ni marufuku kabisa, hapana mita wala kibali. Katika mapori mengine ya akiba sheria ni ile ya Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, nayo ni kali. Ng'ombe wakikamatwa humo mwenyewe hushitakiwa, na mahakama yaweza kuamua wataifishwe.

Hapa ndipo tulipoona kidonda chenyewe. Mfugaji akifukuzwa hifadhini huambiwa arudi kijijini. Akifika kijijini huambiwa, hapa hatuna malisho yaliyotengwa, mashamba yamejaa. Iko sheria nzuri ya Maeneo ya Malisho, Na. 13 ya mwaka 2010, isemayo halmashauri ya kijiji itenge ardhi ya malisho. Lakini malisho hutengwa katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ambao una sheria yake tangu mwaka 2007, na mpango huo wataka wapima, mikutano, ramani na fedha, na vijiji vingi havijapata. Basi sheria ya kufukuza inafanya kazi siku ile ile, kwa sababu inahitaji askari na gari tu; sheria ya kutenga inangoja fedha za mwaka ujao. Mfugaji naye hawezi kumwambia ng'ombe angoje mwaka ujao. Usiku ukiingia anavuka tena.

Ndipo zinapokuja zile ziitwazo operesheni. Iliyojulikana zaidi ni Operesheni Tokomeza ya mwezi wa Oktoba 2013. Ilikusudiwa majangili wa tembo, na hakuna mwenye akili aliyewatetea majangili. Lakini iliwaangukia wafugaji na wanavijiji wengi. Watu walipigwa, wengine walikufa, ng'ombe waliuawa. Bunge lilipiga kelele, ikasimamishwa mwezi wa Novemba, na tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri wanne walipoteza vyeo: wa maliasili, wa mifugo, wa mambo ya ndani na wa ulinzi. Huyo wa ulinzi alikuwa mtu wa kwetu, Bwana Shamsi Vuai Nahodha. Aliyetoa habari hiyo Bungeni alikuwa Waziri Mkuu Mizengo Pinda, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa huko huko Mpanda, na wakati ule alikuwa mbunge wa huko. Hatujui moyoni alikuwa na hali gani siku ile.

Twataka kusema neno juu ya wale ng'ombe wanaokamatwa. Bara iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Watu wengi hudhani ni sheria ya kuwahurumia paka na mbwa wa mjini. Asili yake ni pana zaidi. Inafuata kanuni zinazokubaliwa sasa duniani, kwamba mnyama aliye mkononi mwa mtu asikose chakula na maji, asikae mahali pa mateso, asiachwe na jeraha wala maradhi bila kutibiwa, asizuiwe tabia yake ya asili, wala asitiwe hofu pasipo sababu. Tazameni maneno hayo, "aliye mkononi mwa mtu". Haikusemwa aliye mkononi mwa mwenyewe. Ng'ombe akishikwa na askari akafungwa zizini kungoja kesi, yu mkononi mwa aliyemshika, na kesi yaweza kuchukua miezi. Malalamiko ya mifugo kufa kwa njaa na kiu katika mazizi hayo yamesikika mara nyingi, hata ndani ya Bunge. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: kosa lake lilikuwa kumfunga, asimpe chakula, wala asimwache aende akajitafutie. Hatuoni tofauti kubwa kati ya paka yule na ng'ombe mia mbili wa mtu ambaye hakimu hajamwona bado.

Tarehe 15 Januari 2019 Rais Magufuli aliamuru kusimamishwa kwa kuondolewa vijiji vilivyokuwa ndani ya hifadhi, akawapa mawaziri kazi ya kuchunguza. Mwishowe ikaamuliwa kwamba katika vijiji na mitaa 975 yenye migogoro, 920 ibaki. Uamuzi huo ulileta nafuu kubwa kwa watu waliokuwa wakilala na mizigo imefungwa. Lakini kubaki si sawa na kupangiwa.

Msidhani kwamba huko hapana walioweza. Tulisikia mambo mawili yaliyotupa faraja, nayo yote ni ya watu wale wale wanaolaumiwa.

La kwanza ni la Wasukuma. Huko kwao Shinyanga misitu ilifyekwa vibaya sana, sehemu kwa amri ya Serikali yenyewe, ili kumwondoa mbung'o, na ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1986 ukaanza mpango ulioitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kazi yake kubwa haikuwa kuleta jambo geni, bali kufufua desturi ya kale ya Wasukuma iitwayo ngitili: mtu au kijiji hufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, majani na miti ikue, kisha hufunguliwa kiangazi kikali wakati wengine hawana kitu. Miti ilirudi, na sifa za kazi ile zilifika mbali. Kwa hiyo asemaye Msukuma hajui kuhifadhi, hajui ngitili. Lakini ngitili hufungwa na mtu mwenye hakika kwamba ardhi ile itakuwa yake mwakani. Aliye katika ardhi ya kufukuzwa hafungi ngitili, analisha leo.

La pili lipo penye chimbuko la Katuma. Katika wilaya ya Tanganyika vijiji nane, na kijiji kiitwacho Katuma kikiwa kimojawapo, vilipimiwa mipaka, vikafanya mipango ya ardhi, vikatenga misitu yao kuwa hifadhi ya kijiji kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kisha, tangu mwaka 2017 hivi, vikaingia katika biashara mpya ya hewa ya ukaa. Wanachama wengi wamesikia neno hili redioni wasilielewe. Maana yake ni hii: mti uliosimama hushika hewa ya ukaa, ukikatwa na kuchomwa huiachilia, na hewa hiyo huongeza joto la dunia. Makampuni ya nchi za mbali yatoayo moshi mwingi hulipa ili msitu ambao ungekatwa usikatwe. Wapimaji huhesabu msitu, na malipo huja kwa hesabu hiyo. Vijiji vile nane vimekwisha kupokea mabilioni ya shilingi, vikajenga madarasa na zahanati, na vijana wa vijiji hulipwa kuulinda msitu. Zipo hoja juu ya biashara hii, kwamba tajiri ananunua ruhusa ya kuendelea kutoa moshi, nasi twaziona zina uzito. Lakini mwenzetu alipouliza kwa nini huko watu hawakati miti usiku, aliambiwa kwamba mkata miti anakata dawa ya zahanati yao, na anajulikana kwa jina.

Kwa hiyo mto ule ule, juu yake watu wanalipwa kuulinda, katikati wanavunjiwa matuta, na mpakani mwa hifadhi wanakamatiwa ng'ombe. Amri ya juu ilianza na ramani. Amri za chini zimeanza na kamba na askari, ramani itafuata. Hilo ndilo jibu letu kwa swali la pili, kwa kadiri tulivyofahamu.

Sasa mambo ya wanachama wenye jamaa Bara, au wenye nia ya kupeleka fedha. Kwanza, kilimo, mifugo na mazingira si mambo ya Muungano. Sheria tulizozitaja ni za Bara. Huku kwetu tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 na sheria zetu nyingine, na kila mmoja wetu ajua kwamba mkarafuu haukatwi pasipo ruhusa. Asidhani mtu kwamba anayoyajua huku yanatosha huko. Pili, kabla ya kukodi ardhi ya kijiji, ulizia mpango wa matumizi ya ardhi na uone shamba lako limo katika sehemu gani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Omba kuona muhtasari wa mkutano huo, usikubali muhuri peke yake. Tatu, kama shamba ni la mpunga, omba kuona kibali cha maji na kimeandikwa jina la nani. Wakulima wengi hujiunga katika chama cha watumiaji maji wakapata kibali kimoja, na hiyo ndiyo njia rahisi kwa mgeni. Nne, pima mita 60 mwenyewe, tena wakati wa masika, mto ukiwa umejaa. Kiangazi ukingo hudanganya.

Mwanachama wetu hakurudishiwa fedha. Mdogo wake amezikodi upya zile eka nne zilizo nje ya kipimo, safari hii mbele ya mashahidi, amepanda mahindi yanayongoja mvua, na ameandika kwamba yameota.

Nakala za sheria zote tulizozitaja zipo ofisini kwetu, na mwanachama yeyote anaweza kuja kuzisoma siku za kazi baada ya adhuhuri. Zisomwe hapo hapo. Ile nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji iliyoazimwa kabla ya Ramadhani bado haijarudi, na aliyenayo twamwomba airudishe.

Katibu